Mchinjaji na Mwenzake wa Igamba

Kumwahi Mchinjaji kwa salamu ilikuwa kazi bure. Unamwona kwa mbali anakuja na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, unajiandaa, unajiambia leo nitamwahi, na kabla hujafungua mdomo yeye ameshapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, malori ya Zambia yakipita katikati yenu: "Hamjambo hapo dukani!" Kisha anacheka peke yake, maana ameshinda. Aliniambia kwamba katika dini yao anayeanza salamu ndiye mbora, na yeye hakuona sababu ya kuniachia ubora huo mimi, muuza vitenge, ambaye tayari nimejaliwa duka na mume.

Amefariki mvua hizi zilizopita. Machinjioni hapa Tunduma yuko mtu mwingine sasa, mtu mzuri tu, ana haraka kidogo. Bado kuna asubuhi nafungua duka nikitega sikio barabarani, halafu nakumbuka.

Alikotoka sikuwahi kupajua vizuri. Wengine walisema Ujiji, wengine Tabora, na yeye aliwaacha kila mmoja na lake. Jina alikuwa nalo, lakini hapa mjini lilikuwa limesahaulika. Wanyiha, Wanamwanga, Wabemba wa ng'ambo, wote walimwita kwa kazi yake, isipokuwa wale wanawake wa Kizambia waliokuja kununua utumbo asubuhi. Wao walimwita bashikulu, yaani babu, kwa heshima. "Mulishani, bashikulu?" Naye anaitikia, "Bwino, bwino," halafu anawapunja utumbo hivyo hivyo na heshima yao, wanacheka, wanamwongezea maneno mpaka anawajazia.

Kwa asiyezijua nyumba za huku, nieleze kidogo. Sisi wa wilaya za Mbozi na Momba wengi ni Wakristo. Lakini familia ikiwa na harusi au msiba, ng'ombe hachinjwi na mwenye nyumba. Anaitwa Mwislamu achinje, ili jirani au mgeni yeyote atakayetokea ale bila kuuliza maswali. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Tumekua tukiikuta, na mtu akiivunja watu wanamwona mchoyo, kama mtu aliyepika kisha akafunga mlango. Kwa hiyo Mchinjaji alijua shughuli zetu zote. Alijua nani anaoza na nani amefiwa kabla hata mchungaji hajaarifiwa.

Kisu chake alikinoa nyuma ya ukuta. Hata kama mvua inanyesha na nyuma ya ukuta hakuna paa, atakwenda huko huko, atarudi amelowa na kisu kimefichwa chini ya koti. Alisema mnyama asikione, ameshakuwa na siku mbaya ya kutosha. Na hakumchinja ng'ombe mmoja mwingine akitazama. Watu wenye haraka walilalamika, naye aliwajibu kwamba mwenye haraka akanunue dagaa.

Sasa mtu huyo huyo, nyumbani kwake alikuwa na mbuzi jike mzee asiyezaa wala kukamuliwa, ambaye hakuna aliyethubutu kumtaja pamoja na neno mchuzi. Mkewe alinieleza kwa uchungu kwamba kila Idi mume wake anakwenda kununua mbuzi wa watu, na huyu wa kwao anashinda kivulini akitafuna kamba za nguo. Nilipomuuliza Mchinjaji mwenyewe, alinitazama kama nimemuuliza kwa nini hamli mkewe. "Yule tumezoeana," alisema.

Hapo ndipo alipo mtu mwenyewe mzima mzima. Kwake neno kuzoeana halikuwa neno dogo. Alikuwa na mambo mengi ya kusema juu ya urafiki, na aliyasema akiwa amesimama mlangoni kwangu, mkono mmoja kwenye fremu, kila siku akiapa kwamba hakai. Nikipiga chafya, maana vitenge vipya vina vumbi la wanga, alisimama akanisubiri. "Msifu Mungu basi," ananihimiza, "nikujibu nina safari." Nikisema ashukuriwe Mungu, anajibu, "Mungu akuongoze," ndipo anaondoka. Aliniambia hiyo ni haki ya mtu juu ya mwenzake, pamoja na kumtembelea akiugua, kumwitikia akikualika, kumpa nasaha akikutaka, na kumsindikiza akifa. Nilimwambia hizo haki ni nyingi. Akasema si nyingi, ila ukiwa na marafiki wengi ndipo zinakuchosha, kwa hiyo chagua.

Yeye alichagua kwa makini, tena kwa majivuno kidogo. Kuna neno la Mtume alilipenda, kwamba mtu yuko kwenye dini ya rafiki yake, basi kila mmoja atazame anafanya urafiki na nani. Alilisema mara nyingi hadi wenzake msikitini wakamchoka. Siku moja, nasikia, mmoja wao akamgeuzia kibao. Akamwambia mbele ya wenzake baada ya swala ya alasiri: wewe unatuhubiria tutazame marafiki, na rafiki yako mkubwa ni Mnyiha wa Igamba, Mkristo, mzee wa kanisa. Hukutazama?

"Nimetazama," akajibu Mchinjaji. "Ndiyo maana."

Yule mtu hakuridhika. Akamkumbusha wale watu saba watakaowekwa kivulini na Mwenyezi Mungu siku isiyo na kivuli kingine, na kwamba kati yao wamo wawili waliopendana kwa ajili yake. Je, Mnyiha wake atakuwepo? Mchinjaji akavaa viatu vyake taratibu. "Hilo silijui," akasema. "Nikifika nitauliza." Kisa hiki nilikisikia kwa watu wawili tofauti na wote walikisimulia wakicheka, naamini hata yule aliyeuliza alicheka.

Huyo Mnyiha wa Igamba ni baba yangu.

Walikutana mimi sijazaliwa. Baba alileta mahindi Tunduma kuuza, mvua ikamkuta na magunia nje, hana hata turubai. Mtu asiyemjua akafungua banda lake la ngozi akamwambia ingiza. Mahindi yakapona, ila yalinuka ngozi na ile chumvi ya Ivuna ya kuhifadhia ngozi, kiasi kwamba mnunuzi aliyanusa akauliza yametoka shamba au machinjioni. Baba alilisimulia jambo hilo maisha yake yote kama mfano wa bahati. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ndivyo alivyosema, hata akikunukisha.

Tangu hapo Mchinjaji alimwita Baba "Mwenzangu," na Baba, ambaye ni mtu wa maneno machache hata kwa watoto wake, alimwita Mchinjaji tu, lakini kwa sauti ambayo hakuitumia kwa mtu mwingine. Mwezi wa Ramadhani Baba alipeleka magimbi na ndizi kwa ajili ya futari, akabeba mwenyewe, akakaa na njaa mpaka jua lizame ili asimtamanishe mwenzake, kisha akarudi akitulalamikia sisi kwamba ameshinda hajala, kana kwamba sisi ndio tuliomfungisha. Krismasi Mchinjaji alifika Igamba na mkewe. Alichinja, alikula, alipokea watoto wote mapajani, na wakati wa swala alipewa chumba cha wavulana, ambacho Mama alikifagia mara mbili.

Nisimfanye malaika. Katika mchezo wa drafti alikuwa mtu mbaya. Akishindwa, ubao ulikuwa umekaa vibaya, jua lilimpiga machoni, kete zilikuwa za kuazima. Kuna mzee mmoja fundi baiskeli waliyegombana naye kwa drafti, wakawa hawazungumzi, siku ya tatu Mchinjaji akaenda kwa fundi na sura ya mtu anayekwenda kunywa dawa, akatoa salamu, akarudi. Haijuzu Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza salamu. Mimi nilimwambia anazitumia zile siku tatu zote mpaka saa ya mwisho. Hakukana.

Na alisema kasoro za watu. Hilo aliliona ni sehemu ya urafiki. "Muumini ni kioo cha mwenzake," alikuwa akiniambia. "Lakini tazama kioo kinavyofanya kazi, binti. Kinakuonyesha uchafu ulio usoni kwako, wewe uliyesimama mbele yake. Ukiondoka akaja mwingine, hakimwambii huyo wa kwanza alikuwa na tongotongo." Kwa hiyo alikuita pembeni. Ukiona Mchinjaji anakushika kiwiko na kukuvuta taratibu kuelekea ukutani, ujue una jambo. Mume wangu aliitwa ukutani mara moja kuhusu namna anavyonijibu mbele za wateja. Hajaniambia waliongea nini, lakini tangu siku ile ananijibu vizuri.

Sasa nifike kwenye harusi yangu, maana bila hiyo huyu mtu hajakamilika.

Harusi ilifanyika Igamba, nyumbani. Ng'ombe alifungwa uani tangu Ijumaa. Mchinjaji alikuwa afike alfajiri ya Jumamosi, kama alivyofika kwenye shughuli zetu zote. Lakini alfajiri hiyo, hapa Tunduma, dereva mmoja wa lori alikutwa amefariki ndani ya gari lake kwenye foleni ya mpakani. Mwislamu, mtu wa mbali, hana ndugu hapa. Waoshaji wa maiti msikitini walikuwa wachache na Mchinjaji mmoja wao. Alipiga simu kwa Baba mara nyingi. Simu ya Baba ililia wee, ikiwa mfukoni mwa koti la suti, koti limetundikwa chumbani, na sisi wote tuko uani. Basi akabaki kumwosha na kumzika mtu asiyemjua, akijua kwamba Igamba wanamngoja.

Wapishi walisimama na masufuria. Kuni zilikuwa zinawaka bure. Jua likatoka, likapanda. Shangazi zangu wakaanza kusema maneno yale ya shangazi. Baba akaenda barabarani kutazama, akarudi, akaenda tena. Mara ya tatu aliporudi akachukua kisu.

Mimi nilikuwa ndani nasukwa, nilimwona kwa dirishani. Alimlaza ng'ombe kwa ubavu wa kushoto. Akamwelekeza kibla, sawasawa kabisa, kwa sababu alikuwa ameshika miguu ya ng'ombe wa Mchinjaji kwa miaka mingi na alijua mti gani wa mjohoro unapaswa kuwa mbele. Akasema kwa sauti, "Bismillahi, Allahu Akbar," kwa ile lafudhi yake ya Kinyiha ambayo hata Baba Yetu Uliye Mbinguni haimtoki vizuri. Akachinja. Baba aliamini kwa moyo mweupe kwamba amefanya kila kitu. Nadhani ni mtu wa huku tu anayeweza kukosea namna hiyo: kumjua rafiki yake vizuri hadi akadhani mkono wao ni mmoja.

Kama angeishia hapo, yangekuwa maongezi ya kuchekesha. Lakini wageni wa Kiislamu walifika, wanunuzi wa kahawa wa Mlowo na wafanyabiashara wa Tunduma aliojuana nao, na mmoja akamuuliza kama ilivyo kawaida, "Mzee, amechinja nani?" Baba angesema nimechinja mimi, wangepikiwa kitu kingine, shughuli ingeendelea. Sijui nini kilimpanda. Labda aibu ya kwamba rafiki yake hakuonekana siku hiyo ya siku zote. Akajibu, "Nani mwingine? Mchinjaji."

Mchinjaji aliingia uani watu wameshanawa mikono. Koti lake lilikuwa na vumbi la makaburini. Yule mgeni akampungia mkono kutoka kwenye meza: "Karibu! Mkono wako leo umetupa nyama inayonukia kweli!"

Akasimama. Akamtazama Baba, na Baba akatazama chini. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na shela langu nikaona yote. Kisha Mchinjaji akasema, kwa sauti ya kusikika lakini si ya ugomvi, "Ndugu zangu, samahanini. Hii si ya mkono wangu. Mimi nimechelewa, nilikuwa kwenye mazishi, wenzangu wameshindwa kunisubiri. Lawama ni yangu. Sisi tutakula wali na maharage, na maharage ya Igamba mnayajua." Akaketi nao. Akajipakulia maharage, akala, akayasifu. Hakumtaja Baba kwa jina. Lakini wageni hawakuwa watoto, walikuwa na masikio, na kila mmoja alikumbuka aliambiwa nini na nani.

Baba alisema amevuliwa nguo siku ya kumwoza binti yake, na aliyemvua ni yule aliyemwamini. Hakupiga kelele. Alisema mara moja, usiku huo huo, kwa Mama, na kisha jina la Mchinjaji likaondoka nyumbani kwetu.

Mimi, nikiri, nilikuwa upande wa Baba. Bibi harusi gani anataka harusi yake ikumbukwe kwa maharage? Nilihamia Tunduma kwa mume wangu nikiwa na donge, na Mungu akanipangia duka mkabala na njia anayopita yule mzee kila siku. Hapo ndipo salamu zikaanza. Miezi ya kwanza nilimjibu kwa kichwa. Yeye hakubadilika. Alisalimia, kisha akauliza, "Mwenzangu hajambo?" Nikimjibu hajambo, alisema, "Alhamdulillah," akaenda. Hutaweza kumnunia mtu wa namna hiyo, mwisho utachoka wewe.

Nikipiga simu Igamba namwambia Baba, rafiki yako anakusalimu. Baba ananijibu, "Sikukuuliza."

Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na Baba hata Idi haikumfaa. Ila kuna jambo moja lililonionyesha kwamba moyo wake haujafa. Alipooza mdogo wangu, na alipomzika shangazi, hakumwita Mchinjaji, wala hakuita mchinjaji mwingine, wala hakuchinja mwenyewe. Alipika samaki. Aliagiza perege kutoka Ziwa Rukwa, matenga kwa matenga, ghali kuliko ng'ombe, kwa sababu samaki hachinjwi na kila mtu anamla. Watu wakashangaa, harusi ya Mbozi na samaki wapi na wapi. Baba hakueleza. Mimi nilielewa, nikalia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Mchinjaji hakuhesabu siku tatu na Baba. Alikwenda Igamba kabla ya siku ya pili kuisha, na aliendelea kwenda. Anapanda basi dogo la Kosta hadi Mlowo, kisha pikipiki, mtu wa umri wake. Anafika, anabisha hodi, Mama anamkaribisha, anapewa chai. Baba akisikia mlio wa pikipiki anaingia shamba la kahawa. Siku moja pikipiki ilizimwa mbali, hakuisikia, akakutwa nyumbani, akakimbilia jiko la nje. Akakaa humo na moshi saa nzima akikohoa taratibu, na Mchinjaji sebuleni anakunywa chai akijifanya hasikii. Alipoaga alisema kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, "Shemeji, mwambie Mwenzangu nimemsalimu. Na moshi si mzuri kwa kifua."

Mama alimfuata Baba jikoni. "Mzee mzima, mzee wa kanisa, unajificha na kuku! Huoni haya?" Baba akasema alikuwa anaangalia kuni.

Ilipita miaka hivyo. Mwanangu wa kwanza akaanza shule. Siku moja nikamuuliza Mchinjaji moja kwa moja, kwa nini hukunyamaza tu? Ni nyama. Ungekula kimya, ungemwambia Baba baadaye.

Siku hiyo alikubali kiti. "Nyama haikuwa tatizo, binti. Kuhusu nyama ya watu wa Kitabu wanazuoni wana maneno yao, na mimi si mwanazuoni, mimi nachinja. Tatizo ni kwamba wale watu walikuwa wanakwenda kula kwa imani ya mkono wangu, na mkono wangu haukuwepo." Akaiweka kofia yake gotini. "Mtume alisema msaidie ndugu yako akiwa anadhulumu au anadhulumiwa. Wakamuuliza, anayedhulumiwa tumeelewa, je, anayedhulumu tumsaidieje? Akasema mzuie, huko ndiko kumsaidia. Baba yako alikuwa anateleza, nikamshika mkono. Ningemwacha, ningekuwa rafiki gani?"

Nilidhani amemaliza. Akatazama mikono yake.

"Lakini nilimshika mbele za watu. Mimi ninayewavuta watu ukutani. Watu walikuwa wameshanawa, nikaona nafasi hakuna. Nafasi ilikuwepo. Ningesema subirini kidogo ndugu zangu, nikamwita pembeni, akasema yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Ingemgharimu kidogo, na heshima yake angebaki nayo. Hilo ndilo linanipeleka Igamba. Siendi kudai, naenda kuomba radhi, na mwenye kuombwa anajificha na kuku."

Aliniomba nisimwambie Baba, akasema neno hilo ni lake kulitoa. Sikumwambia. Ila kuanzia siku hiyo niliogopa kwa dhati, maana wote wawili walikuwa wanazeeka, na nilimwona Mchinjaji akipumzika mara mbili kati ya msikiti na duka langu, mahali alipokuwa akipita bila kusimama. Niliogopa mmoja atakufa na yule mwingine atabaki na neno lake mdomoni.

Kisha asubuhi moja barabara ikawa kimya. Ya pili pia. Nikaenda kwake. Mkewe akaniambia ni moyo, hospitali wamempa dawa na kumrudisha, wamesema asisimame sana. Nikampigia Baba. "Mchinjaji anaumwa," nikasema. "Anaumwa sana, Baba." Nikasubiri lile jibu lake la "Sikukuuliza." Akakata simu.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Baba alikuwa mlangoni mwa duka langu. Amevaa suti ya kanisani. Mkononi ana mfuko wa magimbi, na viatu vimepakwa rangi.

"Shikamoo, Baba. Mbona hukuniambia unakuja?"

"Nimekuja kuulizia bei ya mbolea."

Bei ya mbolea wanayo Mlowo, wanayo hata Igamba kwenyewe. Nikafunga duka. Nikamwambia nipo njia moja na yeye, tupitie mahali kidogo. Akasema kama ni mahali kidogo, sawa.

Mlangoni kwa Mchinjaji alisimama. Alisimama kiasi kwamba nilidhani atageuka. Akakohoa, kile kikohozi chake, na kutoka ndani, dhaifu lakini wazi, ikaja sauti: "Karibu, Mwenzangu. Assalamu alaikum." Amewahiwa tena. Baba akavua kofia, akainama, akaingia.

Mchinjaji alikuwa amelala kitandani ameegemea mito, amepungua. Baba akaketi kwenye kigoda karibu naye, magimbi yake mapajani, mke wa Mchinjaji akayapokea, akatoka. Mimi nilibaki mlangoni na hakuna aliyenifukuza. Waliongea juu ya mvua. Waliongea juu ya kahawa, kwamba mwaka huu imechanua vizuri ila bei hakuna anayeijua. Nje lori lilipiga honi ndefu, wakaisubiri ikaisha.

"Siku ile," Mchinjaji akasema, "ningekuita pembeni."

Baba akageuza kofia mikononi. "Siku ile ningekusubiri."

Ikawa imekwisha. Miaka yote hiyo, perege wote wale, na ilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Nilitaka kuwapiga.

Lakini Mchinjaji hakuwa amemaliza. Akajivuta juu kidogo kwenye mito. "Kuna jambo sijalitimiza kwako. Tumefundishwa mtu akimpenda nduguye, amwambie. Nimewaambia wengi pale msikitini, hata wengine ambao nilikuwa na shaka nao. Wewe sikukuambia. Nilidhani unajua. Sasa nimelala hapa naona kudhani hakutoshi." Akavuta pumzi. "Nakupenda, Mwenzangu. Kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

Ninamjua baba yangu. Sijawahi kumsikia akitamka neno hilo kwa kiumbe chochote, si kwangu, si kwa wajukuu, si mbele ya madhabahu. Upande wetu mwanamume anapenda kwa kuleta gunia. Alitazama mabati ya dari. Alitazama mlangoni, akaniona, akatazama pengine. Masikio yalimwiva.

"Na mimi," akasema. Kisha, kwa taabu kubwa, "hivyo hivyo."

Mchinjaji akafumba macho akacheka bila sauti, na Baba akamshika mkono, ule wa kulia, akabaki nao mapajani mwake mpaka mgonjwa aliposinzia.

Tulirudi kwa miguu hadi stendi. Baba hakuulizia mbolea. Nilimkatia tiketi ya Mlowo, akapanda, akaketi dirishani, kofia kichwani vizuri. Kosta ilipowashwa akanionyesha kwa kidole nisogee, nikasogea, akainamisha kichwa karibu na sikio langu.

"Mama yako asijue," akaninong'oneza. "Atataka na yeye aambiwe."